Siku mojamoja: hesabu ya mahudhurio ambayo watu wengi hawaipigi

Muulize mzazi mtoto wake amekosa shule siku ngapi tangu muhula uanze. Atafikiri kidogo, aseme mbili, pengine tatu. Daftari la mahudhurio likifunguliwa, mara nyingi linasema sita au saba. Mzazi huyo hadanganyi. Siku zenyewe zilimpita mojamoja: Jumatatu moja mafua, Ijumaa moja safari ya kifamilia, siku nyingine mvua, nyingine viatu havijakauka. Kila moja ilikuwa na sababu yake, na baada ya wiki ikasahaulika. Hakuna aliyezijumlisha.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti Todd Rogers na Avi Feller walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Philadelphia, Marekani, katika kaya zaidi ya 28,000. Walikuta kwamba wazazi wa watoto wanaokosa sana hukadiria siku hizo kuwa chache kuliko zilivyo. Hawakumtoza mtu faini wala kumtisha. Walituma barua kwa posta, zikitaja idadi halisi ya siku ambazo mtoto amekosa. Kwa familia zilizopata barua zenye idadi hiyo, wanafunzi wanaokosa kupita kiasi walipungua kwa asilimia 10 au zaidi. Namba iliandikwa wazi, ikamfikia mhusika, basi.

Ndiyo sababu naamini mazungumzo ya mahudhurio yaanze na hesabu, hotuba ya thamani ya elimu ije baadaye. Wazazi wengi hawahitaji kuambiwa kwamba elimu ni muhimu. Wanalijua hilo, na wengi wanajinyima kwa ajili yake. Wasichokiona ni jumla.

Asilimia 90 ni kidogo

Mwaka wa masomo katika nchi nyingi una siku kati ya 180 na 200 za kuingia darasani. Marekani na Uingereza hutumia mpaka mmoja unaofanana: mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku au zaidi huwekwa kwenye kundi la hatari, iwe alikuwa na ruhusa au hakuwa nayo. Kwa mwaka wa siku 200, hizo ni siku 20, yaani siku 2 kila mwezi. Siku 2 kwa mwezi hazimshtui mtu. Lakini ikiwa shule ya msingi ina madarasa saba na mtoto akaenda hivyo tangu darasa la kwanza, atakuwa amekosa siku 140 atakapomaliza. Cheti kitasema miaka saba. Darasani alikaa miaka sita na robo hivi.

Tatizo la namba hii ni kwamba inafanana na alama za mtihani. Asilimia 90 kwenye Hisabati ni sifa kwa mtoto na furaha nyumbani, kwa hiyo mzazi akisoma kwenye ripoti "mahudhurio: 90%" anaona mambo ni shwari. Ningependa shule ziache kabisa kumwandikia mzazi asilimia. Ziandike siku: "Mwanao amekosa siku 9 kati ya 90 za nusu mwaka huu." Sentensi hiyo haihitaji mfasiri.

Hata mipango mikubwa ya serikali imewahi kuweka kiwango cha chini mno. Mexico ilipoanzisha Progresa mwaka 1997, familia maskini zilipewa fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za shule. Mpango ulisaidia watoto wengi kubaki shuleni, na sina neno nao kwa hilo. Ila piga hesabu: kwa mwaka wa siku 200, asilimia 85 inamruhusu mtoto kukosa siku 30. Kiwango cha kupata msaada kisichukuliwe kuwa kiwango cha kujifunza.

Kuchelewa nako kuna jumla yake. Dakika 10 kila siku kwa siku 200 ni dakika 2,000, zaidi ya saa 33. Kama siku moja ina saa 5 za vipindi, hizo ni siku 6 na nusu. Na dakika hizo hazitoki popote pale kwenye ratiba. Shule nyingi hupanga kusoma na Hisabati asubuhi, wakati akili hazijachoka, kwa hiyo anayechelewa hupoteza somo lilelile kila siku, tena sehemu ileile ya somo: mwanzo wake, pale mwalimu anapoeleza jambo jipya. Anaingia wakati wenzake wameshaanza zoezi.

Kwa nini shule ya msingi haivumilii mapengo

Masomo ya miaka ya mwanzo yamefungamana kama mnyororo. Mtu mzima anaweza kukosa mada moja ya historia akaisoma baadaye peke yake. Mtoto wa darasa la pili hawezi, kwa sababu kusoma kwenyewe ndiko anakojifunza.

Chukua kusoma kwa Kiswahili. Mtoto huanza na irabu, kisha silabi za konsonanti moja: ba, be, bi, bo, bu. Hapo wengi wanakwenda vizuri. Kisha zinakuja silabi zenye herufi za konsonanti zaidi ya moja: mba, nda, mwa, nya, ng'a, mbwe. Mwalimu huzipa siku chache kila moja. Mtoto aliyekosa Jumanne na Jumatano za wiki ya "ng" na "ng'" anarudi Alhamisi, darasa limeshafika kwingine. Hatalia, hatauliza. Ataanza kubahatisha neno kwa kutazama herufi ya kwanza au picha iliyo juu ya ukurasa.

Kinachofanya pengo hilo lijifiche ni kusoma kwa pamoja. Darasa zima linasoma kwa sauti moja, naye yumo, mdomo wake unafuata wenzake nusu sekunde nyuma. Ukimsikiliza humo utaapa anasoma. Njia ya kumpima ni rahisi: mwite peke yake, mpe ukurasa uleule, umwombe asome maneno kuanzia la mwisho kurudi la kwanza. Aliyekariri atakwama neno la pili. Anayesoma kweli ataendelea, taratibu lakini ataendelea.

Hisabati inaonyesha pengo kwa uwazi zaidi, ukijua pa kutazama. Mpe mtoto 52 − 27. Aliyekosa siku za kutoa kwa kukopa ataandika 35, kwa sababu kwenye mamoja anaona 2 na 7, anatoa ndogo kwenye kubwa, anapata 5. Kwenye makumi anatoa 2 kwenye 5, anapata 3. Jibu sahihi ni 25. Huyu hajakosa akili wala umakini. Amebuni kanuni yake mwenyewe mahali ambapo hakufundishwa, na kanuni hiyo humpa jibu sahihi kila tarakimu za juu zinapokuwa kubwa kuliko za chini, kwa hiyo anaiamini. Asipokamatwa mapema ataifanyia mazoezi wiki nzima, na kumwondolea kosa alilolizoea ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya. Mwaka unaofuata anakutana na kugawanya kwa njia ndefu, ambako kila hatua inamtaka atoe. Mwalimu wa darasa hilo ataona mtoto asiyejua kugawanya, ilhali shida ni siku mbili za mwaka jana.

Watu hudhani daftari la rafiki linatosha. Mtoto akinakili anapata maandishi, lakini kilichotokea siku ile kilikuwa zaidi ya maandishi. Mwalimu alieleza kwa mifano na vitu vya kushika, akapita katikati ya madawati akaona nani amekosea wapi, kisha watoto wakarudia mara nane au kumi mpaka likakaa. Yote hayo hayamo kwenye kurasa alizonakili. Kurasa zenyewe anazinakili usiku akiwa amechoka, na mara nyingi na makosa ya rafiki yake ndani.

Kuna na upande wa wenzake. Makundi ya mchezo hujipanga upya haraka sana kwa watoto wadogo. Anayerudi baada ya siku tatu hukuta mchezo una kanuni mpya, mwenzake wa dawati amehamia kwa mwingine, kuna kicheko ambacho hakijui. Ni mambo madogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka saba yanaweza kuwa sababu tosha ya kuumwa tumbo kesho yake.

Ningesema jambo moja hapa ambalo si kila mtu atalikubali: siku 10 zilizotawanyika ni mbaya kuliko siku 10 za mfululizo. Mtoto aliyelazwa hospitali wiki mbili, kila mtu anajua. Mwalimu anamtafutia mazoezi, mzazi anafuatilia, na mada zilizompita zinajulikana kwa majina. Mtoto aliyekosa siku 10 katika miezi minne hana mtu anayemfuatilia. Ana mapengo kumi katika mada kumi, na hakuna orodha yake popote.

Daftari linavyodanganya, na linavyosema kweli

Wastani wa darasa hauna msaada mkubwa. Tuseme darasa lina watoto 40 na mwezi una siku 20 za shule. Jumla ya mahudhurio yanayowezekana ni 800. Mwezi ukaisha na nafasi 56 zilizokosekana, yaani mahudhurio ya asilimia 93. Mwalimu mkuu anaridhika. Sasa, inawezekana watoto 28 walikosa siku 2 kila mmoja. Inawezekana pia watoto 8 walikosa siku 7 kila mmoja na wengine 32 hawakukosa kabisa. Wastani ni uleule. Katika hali ya pili kuna watoto 8 wanaopotea, na asilimia 93 imewafunika.

Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kila mtoto: siku alizokosa, gawanya kwa siku ambazo shule ilikuwa wazi, zidisha kwa 100. Ifanywe kila mwisho wa mwezi. Katika mwezi wa kwanza siku 2 kati ya 20 tayari ni asilimia 10, na hapo ndipo pa kuanza, kwa sababu bado kuna miezi mingi ya kurekebisha. Kusubiri ripoti ya mwisho wa mwaka ni kupima homa ya mgonjwa aliyekwisha kwenda zake.

Ili hesabu iwe ya kweli, daftari lijazwe katika dakika 15 za mwanzo, kwa kuita jina na kumwona mwenye jina. Sauti ya "yupo!" kutoka kwa jirani haitoshi. Alama ziwe tofauti kwa aliyekuwepo, aliyekosa, aliyechelewa, mgonjwa na mwenye ruhusa, na sababu iandikwe pembeni kwa neno moja au mawili. Majina yaitwe tena baada ya mapumziko marefu, maana kuna watoto wanaofika asubuhi na kutoweka mchana, na daftari la mara moja kwa siku haliwaoni. Makosa makubwa ni mawili: kujaza kwa kumbukumbu siku ya Ijumaa, na kuweka alama za "yupo" mapema kwa darasa zima kisha kusahau kurekebisha. Daftari lenye asilimia 100 mwezi mzima kwa darasa la watoto 40 linastahili kukaguliwa. Watoto wadogo huugua.

Likijazwa vizuri, daftari hueleza mengi bila kumhoji mtu. Siku zinazokosekana zikiwa Jumatatu na Ijumaa, tazama nyumbani: safari, wazazi wanaoishi mbalimbali, uchovu wa mwisho wa wiki. Zikiangukia siku zenye somo fulani, tazama somo hilo, au mwalimu wake. Ndugu wawili wakikosa siku moja, jambo liko kwenye kaya. Akikosa mmoja tu huku mwenzake yupo, jambo liko kwake au darasani kwake. Na ndugu wakikosa kwa zamu, leo huyu kesho yule, karibu kila mara kuna kitu wanachogawana: sare, viatu, au kazi ya kumtunza mdogo wao. Mwalimu akiliona hilo mapema anaweza kulimaliza kwa mazungumzo ya dakika tano.

Neno lenyewe "mtoro" nalo linatuponza. Linamweka mtoto wa miaka minane aliyebaki nyumbani kumwangalia mgonjwa kundi moja na aliyejificha ili asije shule. Kwa umri wa shule ya msingi, hasa madarasa ya chini, uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni wa watu wazima zaidi kuliko wake. Katika daftari na katika mazungumzo, "amekosa" latosha.

Ugonjwa wa kweli, na tumbo la asubuhi

Ugonjwa ni sababu ya kwanza karibu kila mahali, na hapa makosa huenda pande zote mbili: wengine hupelekwa wakiwa wagonjwa, wengine huwekwa nyumbani bila haja. Mafua mepesi yasiyo na homa hayamzuii mtoto kwenda shule. Mwenye homa abaki nyumbani mpaka iishe yenyewe, na desturi nzuri ni saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Ukimpa dawa saa 12 asubuhi ukampeleka, homa itarudi kipindi cha tatu. Aliyetapika au kuharisha asubiri saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Surua: siku 4 tangu vipele vianze. Upele unaowasha wa kuambukizwa: arudi baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza. Chawa hawahitaji mtoto kukaa nyumbani hata siku moja. Atibiwe jioni, kesho aende. Mwalimu wake akiwa na maelekezo mengine kutoka idara ya afya, hayo ndiyo yafuatwe.

Kliniki za kawaida, meno na macho, zipangwe mchana au wakati wa likizo inapowezekana. Ikishindikana, mtoto arudi shule akimaliza. Nusu siku ni nusu siku.

Magonjwa yanayojirudia ndiyo yanayokula mahudhurio kimyakimya. Minyoo ni mfano unaojulikana vizuri. Katika shule za Busia, Kenya, mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 ulichunguzwa na Edward Miguel na Michael Kremer, na katika makala yao ya mwaka 2004 walieleza kuwa kukosa shule kulipungua kwa karibu robo. Vidonge vya gharama ndogo viliwarudisha darasani watoto ambao pengine wangeitwa wavivu. Pumu nayo hufanya kazi hivyo: kikohozi cha usiku, usingizi wa vipande, asubuhi mtoto haamki. Ikidhibitiwa kwa dawa, na mwalimu akajua kipulizio kiko wapi na kinatumikaje, siku nyingi huokolewa. Macho na masikio vilevile. Mtoto anayesogea karibu na ubao, anayeinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, apimwe kabla ya kuambiwa ajitahidi.

Sasa tumbo la asubuhi. Dalili zake zinajulikana: huanza jioni ya Jumapili au alfajiri ya siku ya shule, hakuna homa, hupoa ghafla saa 4 baada ya uamuzi wa kubaki nyumbani kupita, na siku za likizo halipo kabisa. Mtoto huyu hadanganyi. Hofu huuma tumboni kweli. Kumwita mwongo kunamfunga mdomo, na kumwacha nyumbani "mpaka atulie" kunafanya kesho iwe ngumu zaidi, kwa sababu nafuu anayoipata kwa kubaki inamfundisha mwili wake kwamba shule ndiyo hatari.

Swali la "kwa nini hutaki shule?" halifai kwa mtoto mdogo, hajui kulijibu. Uliza: "Saa ngapi shuleni huwa mbaya zaidi?" Au mwombe achore njia kutoka nyumbani hadi kitini kwake, aonyeshe pale asipopapenda. Majibu huwa mahususi kwa namna ya kushangaza: mbwa wa kona fulani, mwenzake anayemnyang'anya vitu wakati wa mapumziko, kuitwa kusoma mbele ya darasa, choo. Nakazia choo. Mlango usiofungwa, giza, uchafu au kucheka kwa wakubwa humfanya mtoto asinywe maji, ajizuie mpaka aumwe, kisha aombe kurudi nyumbani mchana. Hakuna mshauri wa watoto atakayefanya kazi ambayo komeo la mlango lingefanya.

Kurudi kwake kuwe kwa haraka na kwa vipande vidogo. Siku ya kwanza pengine ni saa mbili tu, pamoja na somo alipendalo. Mtu mzima mmoja ampokee langoni, yuleyule kila siku, na kuwe na kazi ndogo inayomsubiri, kama kugawa madaftari, ili asiingie akiwa mtazamaji. Ongeza muda kila siku ili ndani ya wiki moja hadi mbili awe siku nzima. Akibaki nyumbani, saa za shule ziwe za kazi za shule, bila televisheni wala simu. Hofu ikidumu wiki kadhaa licha ya yote hayo, atafutwe mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, bila aibu.

Shule inapokuwa sababu

Wapo watoto wanaokosa kwa sababu shule imewafukuza kwa siku moja: mchango haujalipwa, sare si kamili, nywele. Deni ni la mzazi, adhabu inabebwa na mtoto, na somo la siku hiyo halirudi hata deni likilipwa kesho. Mzazi aitwe, apigiwe simu, aandikiwe. Mtoto abaki darasani.

Adhabu ya kuchelewa ni mbaya vilevile. Ikiwa aliyechelewa dakika 10 anajua atachapwa, atafungiwa lango au atasimama nje kipindi kizima, hesabu yake ni rahisi: anageuza njia. Shule imegeuza dakika 10 kuwa siku nzima. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinazitaka nchi zichukue hatua za kuhimiza mahudhurio ya mara kwa mara na kupunguza kuacha shule, na kifungu hichohicho kinataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na yanastahili kukaa pamoja. Aliyechelewa aingie, aketi, aoneshwe wenzake wamefika wapi. Sababu itafutwe baadaye, kwa mzazi.

Na mwalimu asipokuwepo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa kwa ziara za kushtukiza katika shule za msingi za nchi sita (Bangladesh, Ekwado, India, Indonesia, Peru na Uganda), ulikuta karibu asilimia 19 ya walimu hawapo shuleni. Mtoto anayerudi nyumbani akisema "leo hatukusoma" mara tatu kwa mwezi anampa mzazi sababu nzuri ya kumtuma kwingine siku ya nne. Wiki ya mwisho ya muhula ni hivyohivyo: shule ikiacha kufundisha siku tano kabla ya kufunga, isishangae madawati yakiwa matupu.

Zawadi za "hakukosa hata siku moja" zinanitia shaka. Huwaleta watoto wenye homa, na humwondoa mashindanoni aliyeugua wiki ya kwanza; hana tena cha kugombania. Jaribio kubwa lililofanyika California kwa wanafunzi wakubwa zaidi, wa darasa la 6 hadi la 12, lilionyesha kwamba waliopewa tuzo kwa mahudhurio yaliyopita walikosa zaidi baadaye. Heri kumpongeza aliyekosa siku 5 mwezi uliopita na mwezi huu akakosa 1.

Jioni ya kabla, na siku baada ya kurudi

Asubuhi hutengenezwa jioni. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akiamka saa 12 asubuhi, basi saa 3 usiku awe amekwisha kulala, na hicho ndicho kiwango cha chini. Begi lifungwe kabla ya kulala, sare na viatu viwe mahali pamoja, penseli ichongwe. Muda upigwe kinyumenyume: kengele, toa dakika 10 za kufika mapema, toa muda wa njiani, toa muda wa kuoga, kula na kuvaa. Familia nyingi zinazochelewa huwa hazijawahi kufanya hesabu hiyo, na zikiifanya hugundua zinaamka dakika 20 baada ya muda unaotakiwa. Kisha wachaguliwe watu wawili wa akiba, kwa majina, watakaomfikisha mtoto shuleni siku mzazi anapougua au kusafiri. Hilo lipangwe siku ambayo kila mtu ni mzima.

Mtoto akikosa, mzazi aijulishe shule asubuhi ileile. Asipojulisha, shule ipige simu kabla ya saa 4, na namna ya kuanza ina uzito wake. "Tumemkosa mwanao leo, hajambo?" hufungua mazungumzo. "Mbona hujamleta?" hufunga. Siku ya tatu mfululizo mtu aende nyumbani. Mtoto akifika asilimia 10, mzazi na mwalimu wa darasa wakae pamoja na daftari mbele yao, wachague sababu moja kuu, waandike hatua moja ya nyumbani na moja ya shuleni, wakutane tena baada ya wiki mbili. Mikutano inayotoka na maazimio tisa haitekelezi hata moja.

Anaporudi, mwalimu amsalimie kwa jina na asimuulize sababu mbele ya wenzake. Kufidia kuanze siku hiyo au kesho yake, na kusianze na kunakili. Mwalimu ataje mada mbili tu zilizompita ambazo za kesho zinazitegemea, kwa kawaida ya kusoma na ya Hisabati. Dakika 20 kwa kila mada: mfano mmoja wa kuelezwa, maswali mawili ya kufanya pamoja, matatu ya kufanya peke yake. Akipata matatu hayo, limekwisha. Asipoyapata, arudie kesho kwa namba nyingine. Maandishi ya masomo mengine anaweza kuyajaza polepole, au asiyajaze.

Kilichobaki ni daftari la mwaka uliopita, ambalo katika shule nyingi huishia kabatini. Aliyekosa sana mwaka jana ndiye anayeelekea zaidi kukosa mwaka huu, na mwalimu mpya hamjui. Mwalimu anayekabidhi darasa aandike karatasi moja: majina ya waliofika asilimia 10, siku walizokosa, sababu iliyogundulika, kilichosaidia na kilichoshindikana, na namba ya simu inayopatikana kweli. Karatasi hiyo iwe mezani kwa mwalimu mpya kabla ya kengele ya kwanza, ili jina la kwanza kwenye orodha lisipoitikiwa siku ya pili, simu ipigwe siku hiyohiyo.